Wa Pili Duniani kwa Tenisi, Mkazi wa Kibosho

Tulikuwepo mjane na mama mkwe wake, watoto wao wawili, mdogo wa marehemu aliyetoka Arusha, wapagazi na waongozaji aliopanda nao mlima, wanajumuiya, kwaya ya parokia, katekista, jirani wa upande wa chini, na mimi. Nimewataja wote kwa sababu Kibosho ukimsahau mtu aliyefika msibani utasikia habari zake mpaka Pasaka. Tulimzika Alhamisi kando ya migomba yake, mpishi wa mlimani ambaye wengi wenu hamkumjua, na moyo uliosimama ghafla haukumpa hata nafasi ya kuaga. Wasifu aliusoma mdogo wake. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akawapikia wageni wa mlimani mpaka magoti yakakataa. Yote hayo tuliitikia kwa vichwa. Kisha akasoma, "Marehemu aliwahi kuwa mtu wa pili duniani katika tenisi." Jirani wa upande wa chini akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kwaya, "Tenisi? Huyu? Mbona hata mfereji alikuwa anauzunguka kutafuta daraja?" Mjane ndiye aliyeanza kucheka, na sisi wengine tukapata ruhusa.

Lakini ilikuwa kweli, kwa namna yake. Mgeni mmoja aliyempikia alimwonyesha mchezo wa kwenye simu ambao mpira hupigi wewe. Wewe ni meneja. Unaajiri vijana ambao hawapo popote ila kwenye kompyuta, unawapangia mazoezi, unawaandikisha kwenye mashindano, unawapumzisha wasichoke. Mechi zinachezwa zenyewe, na pointi zao zinakupandisha au kukushusha katika orodha ya mameneja wa dunia nzima. Mtu aliyezoea kutambua mpagazi aliyechoka kabla mwenyewe hajasema alijiona yuko nyumbani. Vijana wake aliwapa majina ya ng'ombe wake. Shida ilikuwa mtandao, ambao kwake ulishika vizuri mahali pamoja tu, kwenye masale, mimea ya mpaka kati ya shamba lake na la jirani wa chini. Kila asubuhi alisimama pale, simu mkononi, akigeuka huku na huku, mpaka jirani wa chini uvumilivu ukamwisha.

"Mbe, unapima nini mpakani kwangu?"

"Sipimi. Napeleka vijana wangu Australia."

"Australia! Kwa hiyo ndio wanaonunua shamba?"

Ilibidi aitwe mwenyekiti wa kitongoji. Akaonyeshwa simu, akaeleweshwa, akaondoka na mchezo ule ule kwenye simu yake, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyepata muhuri bila kusubiri.

Mimi nilijua mambo yake kwa sababu akishuka Moshi alikaa kwenye benchi langu, pembeni ya cherehani, akichaji simu. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. "Dada, nataka niamke siku moja nisikute mtu juu yangu." Aliyekuwa juu yake, msimu baada ya msimu, alikuwa mwanamke mmoja wa nchi ya mbali. Walikuwa wakiandikiana salamu na utani wa kimchezo, yeye kwa Kiingereza cha jikoni mlimani. Halafu ikaja siku, wakiwa wamekaribiana kabisa kwa pointi na mashindano makubwa yakianza, yule mama akaandika kwamba amefiwa na baba yake, hataingia mchezoni kwa muda. Mameneja wengine walimpa pole, kisha wakaandikisha vijana wao haraka haraka. Njia ilikuwa wazi. Nikamkuta mpishi wetu anawaondoa vijana wake wote.

"Unafanya nini?"

"Kuna msiba, dada."

"Msiba wa wapi?"

"Huko kwao."

"Kwao wapi?"

"Sijui. Kuna baridi."

"Sasa hilo ni jembe? Hiyo ni simu!"

"Mwenye msiba ni jirani yangu. Kwenye orodha ile hakuna mtu kati yangu na yeye."

Mnaotoka kwingine niwaeleze: huku mlimani jirani akifiwa hatulimi mpaka amezikwa. Mpishi alihesabu kwamba atakaa pembeni kama tunavyokaa sisi, siku chache. Hakujua kuwa huko wanaweza kungoja wiki na wiki. Kila asubuhi aliuliza, "Mmeshazika?" Akajibiwa, "Bado." Akaanguka nafasi ya tano, ya kumi, akatoweka kabisa kwenye ukurasa wa kwanza. Na kichekesho ni kwamba mfiwa mwenyewe alirudi mchezoni baada ya siku chache, akashinda, huku msiba wake ukiwa umekaliwa na mpishi wa Kibosho. Mwisho akamuuliza mbona hachezi. "Nasubiri mzike," akamjibu. Kesho yake yule mama akaandika kwamba anakoishi hata wa mlango unaofuata hajui kuwa baba yake amekufa.

Hakuipata tena nafasi ya pili, wala ya kwanza hakuionja. Nilimcheka sana, naye alicheka pamoja nami, ila nilimwona akiitazama ile orodha na kuifunga upesi. Siku iliyofuata mazishi mjane alinipa simu, na mdogo wangu wa mwisho, niliyemsomesha mpaka Kiingereza kikamkaa, akamwandikia yule mama. Jibu lilikuja papo hapo. Aliumia kwamba siku tunazika yeye alikuwa anacheza, na ameshinda. Akauliza deni lile la kungojewa atamlipa nani. Mjane alisema, "Mae! Mwambie hapa hakuna wa kulipwa. Atazame karibu yake nani amefiwa, aache kucheza."

Maneno hayo yalinigusa mimi zaidi. Baba alipomfuata mama kaburini, nikaacha shule nikabaki na wadogo zangu, kahawa ya mpishi huyu, jirani yetu wakati ule, ilikuwa imeiva, nyekundu. Hakuichuma. Ilikaukia mtini wakati yeye amekaa uani kwetu, anatupikia uji. Nimejifunza kwamba heshima ya mtu haipo katika nafasi aliyofikia bali katika kile alichokubali kukiacha kwa ajili ya mwenzake, na somo hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulifanya. Wiki hii mpangaji wa chumba cha jirani, kijana wa Kigoma anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, amefiwa na mama yake na hakuweza kusafiri. Nimefunika cherehani, namchemshia chai. Bibi harusi wa Jumamosi amekuja mara mbili kuulizia mikono ya gauni lake, na ana haki ya kununa. Kigoma hawajazika bado. Hata wakizika leo, nitakuwa nimelipa kidogo sana.