Alikotambaa Sirilo

Bibiana alikuwa akikamua mafuta ya moyao, karanga za mwituni, bunduki zilipolia upande wa mtoni. Kijiji kizima, kando ya njia ya kwenda mji wa Wau, kilikimbilia porini. Yeye aliingia ndani kumchukua mumewe.

Sirilo alikuwa katekista kwa miaka thelathini, akisalisha watu kwa Kindogo, lugha yao, padri asipofika. Mwaka ule kidonda kilimla mguu hadi akashindwa kusimama. Bibiana alimbeba mgongoni, akaanguka naye mlangoni.

"Niache, mama watoto."

"Nikuache wapi? Wewe gunia la mtama?"

"Gunia ungelibeba." Sirilo alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Chukua kitabu cha sala, uende. Wakikukuta hapa unajua watakachokufanya."

Bibiana alimwekea kibuyu cha maji na mihogo mikavu, akachukua kitabu, akaondoka. Hakugeuka, maana angegeuka, angerudi.

Alitembea siku tatu akila majani. Huko Wau alilala chini ya turubai katika uwanja wa kanisa pamoja na maelfu ya wengine, mvua ikipita chini ya mkeka. Kipindupindu kilimchukua dada yake wiki ya pili. Kila aliyetoka porini Bibiana alimuuliza habari za Sirilo. Hakuna aliyemwona.

Kiangazi kilipokolea alirudi na shemeji yake, Uliano. Nyumba ilikuwa majivu, na ndani hamkuwa na mtu. Walimkuta nje, mbali, upande wa pili wa kikanisa cha kijiji: mifupa kwenye majani makavu, na msalaba wa mpingo bado kwenye uzi wake.

Uliano alivua kofia. "Kaka alikuwa anakwenda kusali, shemeji."

"Kanisa amelipita."

"Labda macho..."

"Amelipita, Uliano. Hii ndiyo njia niliyoishika mimi. Alikuwa ananifuata."

Bibiana alirudi mpaka kwenye majivu, akaanza kuhesabu hatua kurudi kwenye mifupa. Alipoifikia zilikuwa mia mbili; alikaa chini akalia kwa sauti ambayo Uliano hakuwahi kuisikia kwa binadamu.

Walichimba kaburi palepale. Uliano alitaka wamsubiri padri, au angalau mwanamume mwingine anayejua sala.

"Mwanamke hamsalii maiti."

"Wanaume wako wapi? Waite waje."

Akafungua kitabu kilicholowa na kukauka mara nyingi, akasoma kwa Kindogo kurasa zilizokuwa bado zinasomeka. Palipofutika alisema kwa kichwa. Alipofika mahali pa kumwombea marehemu msamaha, alijiombea yeye mwenyewe.

Uliano alirudi Wau peke yake. Bibiana alijenga kibanda cha nyasi, akalima karanga. Jumapili husalisha watu tisa, wakati mwingine watano. Wakimsifu kwa ushujaa wa kurudi, huinuka akaenda kuchota maji.