Makabidhiano ya Kitanda cha Sita

Pyo Mi-ran alijua kumchoma mtu bila kupandisha sauti. Kuchoma ndilo neno lenyewe linalotumika wodini: muuguzi mpya huchomwa na waliomtangulia, mwaka mzima, mpaka abaki majivu, na akiweza kunyanyuka tena ndipo anahesabiwa mtu. Yeye mwenyewe alichomwa miaka ishirini na miwili iliyopita, katika hospitali hii hii ya Jinju, ghorofa hii hii ya tano. Alitupiwa faili kifuani. Alisimamishwa akiutazama ukuta kwa sababu alisahau kiwango cha potasiamu cha mgonjwa mmoja. Alilia chooni huku bomba akiliacha wazi ili asisikike. Na alipopanda akawa kiongozi wa zamu, unadhani alisema mambo yale yakome? Thubutu! Alisema, "Mimi nilivumilia, wao ni nani wasivumilie?" Ujinga wa namna hii hurithishwa hospitalini kama mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, inavyorithishwa majumbani, na kila anayeupokea hujiona ametunza kitu cha thamani.

Wagonjwa, lakini, walimpenda. Sindano yake ilipata mshipa mara ya kwanza, na alikuwa na mkono mwepesi wa kubadilisha bandeji. Alipita kitandani haraka, akasema maneno mawili matamu, akaondoka. Hakuwahi kuvuta kiti. Nani ana muda wa kuvuta kiti, na wagonjwa kumi na wanane wanakungoja? Habari zao alizipata mezani, saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi inapokabidhi kwa zamu ya jioni, na hapo mgonjwa hana jina. Ni kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kwenye kitanda cha sita alikuwepo Bibi Ma Bun-rye, miaka sabini na tisa, mkulima wa pilipili aliyeteleza kwenye ngazi za ghala akavunjika nyonga. Upasuaji wake ulipangwa Jumatano asubuhi. Siku tano kabla, alikuwa ameachishwa vidonge vyake vya kulainisha damu, maana damu laini na kisu havikai pamoja.

Jumanne ile asubuhi, Gil Ye-rang, muuguzi wa miaka ishirini na minne, mwenye miezi minne kazini, alikuwa akimwosha Bibi Ma nywele. Hiyo haikuwa hata kazi yake. Bibi alisema hataki kwenda kupasuliwa na kichwa kinachonuka, na Ye-rang hakuwa na moyo wa kumkatalia. Mi-ran alikuja kuyajua haya baadaye, wakati hayamfai kitu.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Ma, macho ameyafumba povu lisiingie, "nikikwambia kitu hutanisema?"

"Sikusemi, Bibi. Niambie tu."

"Mwanangu ananiletea dawa ya mizizi. Vifuko viwili kwa siku. Nimevificha kabatini, chini ya chupi. Yule daktari akijua atanikoromea, na anavyokoroma, utadhani trekta bovu."

Ye-rang alicheka. Kisha akauliza, "Dawa ya nini, Bibi?"

"Ya damu. Inaifanya itembee, isigande gande."

Mikono ya Ye-rang ikasimama ndani ya povu.

Alimsuuza, akamkausha, akaenda mbio kwa kiongozi wa zamu ya asubuhi, kwa sababu muuguzi wa miezi minne hampigii daktari simu kwa kichwa chake. Kiongozi alikuwa akipokea wagonjwa wawili kwa mpigo. "Utasema kwenye makabidhiano," alimjibu bila kumwangalia. Basi akaandika kwenye kikaratasi chake, akakipigia mistari miwili chini, akangoja saa tisa.

Saa tisa ikafika, na aliyeketi kupokea alikuwa Pyo Mi-ran.

"Haya. Kitanda cha kwanza," Mi-ran alisema, kalamu mkononi.

Ye-rang alianza. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu akakosea: alisema mkojo mililita mia nne, na kwenye kompyuta ilikuwa mia tano na arobaini.

"Mia ngapi?"

"Samahani, Mwalimu. Mia tano na arobaini." Mwalimu ndivyo muuguzi mkubwa anavyoitwa hospitalini pale.

"Kwa hiyo hizi nyingine umezinywa wewe?"

Wauguzi wengine wawili waliinamisha vichwa wakajifanya wanapanga mabomba ya sindano. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Mwenzako akichomwa, unapanga mabomba ya sindano.

"Rudia tangu mwanzo," Mi-ran alisema. "Jina, umri, ugonjwa, vipimo, dawa. Jibu ninachokuuliza. Sitaki porojo."

Alirudia. Alifika cha sita. "Bibi Ma Bun-rye, miaka sabini na tisa, nyonga ya kulia, upasuaji kesho saa mbili. Mwalimu, kuna jambo Bibi ameniambia asubuhi nilipokuwa namwosha nywele..."

"Nimekuuliza nini?"

"Vipimo, Mwalimu."

"Ameniambia, ameniambia! We umekuja kazini au umekuja kusengenya na vikongwe? Tena nani amekutuma uoshe watu nywele wakati hesabu ya mkojo inakushinda? Ukiongeza neno moja ambalo sijaliuliza, tunaanza tena kitanda cha kwanza. Vipimo."

Akataja vipimo. Vilikuwa sawa. Kitanda cha saba.

Ilipofika saa kumi na moja bado alikuwa amesimama pale, kikaratasi kimelowa jasho mkononi. Alipoambiwa nenda, alijaribu tena: "Mwalimu, cha sita..." Mi-ran akanyanyua kiganja. "Nenda nyumbani, Ye-rang. Umenichosha."

Najua utakachosema: angepiga kelele! Angempigia daktari, angemshika mtu yeyote koridoni. Ni kweli, angepaswa. Lakini mtu aliyefundishwa kwa miezi minne kwamba kila akifungua mdomo anaumia, kelele ataitoa wapi? Hospitali ile ilitumia nguvu nyingi kumnyamazisha, ikafaulu.

Jumatano Bibi Ma alivuja damu kwenye meza ya upasuaji kama mfuko uliotobolewa. Walimwongezea chupa saba. Walimfungua mara ya pili jioni yake, na alilala siku nane katika chumba cha wagonjwa mahututi, mrija mdomoni. Mwanawe ndiye aliyeleta vile vifuko kwa daktari, analia, akiuliza kama ni yeye aliyemuua mama.

Hakufa. Alirudishwa ghorofa ya tano siku ya tisa, amekonda, sauti imekwaruzwa na mrija. Mi-ran akaenda kumtazama, na akafanya kile ambacho wauguzi wengi wangefanya, akamsema.

"Bibi, dawa za mitishamba unazificha kweli? Ungekufa! Mbona hukutuambia?"

Bibi Ma alimtazama kwa mshangao kabisa.

"Nilisema. Nilimwambia yule mtoto wa kuniosha nywele. Kwani nyinyi wenyewe hamsemeshani?"

Mi-ran alisimama pale na mfuko wa maji ya dripu mkononi. *Mwalimu, kuna jambo Bibi ameniambia.* Aliisikia sauti ile yote, neno kwa neno, pamoja na yake mwenyewe iliyoikata. Alikwenda chumba cha dawa, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini alijionea aibu mpaka masikio yakawaka.

Wakati huohuo hospitali ilishapata mtu wa kumtoa kafara. Ye-rang alitakiwa kuandika barua ya kujieleza. Ya kwanza ikarudishwa, "ina maneno mengi." Ya pili ikarudishwa, "inawataja wenzako, si adabu." Aliandika mara tano. Mkurugenzi wa uuguzi, Seok, mwanamke wa miaka hamsini na nane ambaye nywele zake hazijawahi kuonekana zimevurugika, alimwita Mi-ran ofisini, akamwekea kahawa ya pakiti mbele yake na ile barua ya tano.

"Jina lako halimo," alisema kwa upole. "Kamati inakaa Alhamisi saa nne. Msichana atafukuzwa, na huenda leseni ikasimamishwa, lakini ni mdogo, ataolewa. Wewe nyamaza tu."

Mi-ran alisoma. *Nilisahau kutoa taarifa kuhusu dawa ya mgonjwa. Kosa ni langu peke yangu.*

"Nilisahau," alirudia. "Amesahau?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Ndivyo mlivyomwandikisha."

"Mwalimu Pyo," Seok alisema, "kunywa kahawa."

Hakuinywa. Hasira aliyotoka nayo ofisini haikumwacha mpaka Alhamisi, na ilikuwa hasira ya ajabu, maana kila alipotaka kuirusha kwa Seok ilimrudia yeye mwenyewe. Wale walikuwa wanamaliza tu kazi aliyoianza yeye.

Kamati ilikuwa watu watano na meza ndefu. Ye-rang alikaa mwishoni, mikono mapajani, kucha amezitafuna. Barua ikasomwa. Mkurugenzi Seok akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, huku akianza kufunga faili.

"Ninalo," Mi-ran alisema, akasimama. "Hiyo barua ni uongo. Hakusahau. Aliniambia. Nikamkata. Akaniambia mara ya pili, nikamfukuza. Wauguzi wawili walikuwepo, waulizeni, wamechoka kupanga mabomba ya sindano."

Daktari mmoja akakohoa.

"Mwalimu Pyo, tunathamini moyo wako wa kumlinda mdogo wako," Seok alisema. "Lakini hata kama alijaribu, inaonekana hajui kujieleza. Angeeleza vizuri ungemsikia. Muuguzi asiyeweza kutoa taarifa kwa ufupi ni hatari."

Hapo Mi-ran alipandisha sauti. "Hajui kujieleza? Ala! Mtoto mmemjaza hofu mpaka kooni, halafu mnamcheka hatoi sauti? Hebu mwacheni aseme. Sasa hivi. Nyote mkae kimya, mimi nikiwa wa kwanza." Akamgeukia Ye-rang. "Kitanda cha sita, Ye-rang. Sema kama ulivyotaka kusema siku ile. Simkati mtu leo."

Ye-rang alitazama meza. Wakangoja. Seok alitaka kusema neno, Mi-ran akanyanyua kiganja, kile kile.

"Bibi Ma Bun-rye," Ye-rang alianza. "Miaka sabini na tisa. Nyonga ya kulia, upasuaji kesho saa mbili. Vipimo vya damu ni vya kawaida. Vidonge vya kulainisha damu viliachishwa siku tano kabla ya upasuaji. Lakini leo asubuhi ameniambia anakunywa dawa ya mizizi ya kutembeza damu, vifuko viwili kila siku, na cha mwisho amekunywa leo. Vipo kabatini. Anaogopa kukoromewa na daktari. Naomba daktari apigiwe kabla ya kesho, na naomba Bibi asigombezwe. Ni hayo tu, Mwalimu."

Mi-ran alikuwa akiiangalia saa ya ukutani muda wote. Mshale wa sekunde haukuwa umemaliza mzunguko.

Hakuna aliyesema hajui kujieleza tena. Barua ya tano ikatolewa kwenye faili. Mi-ran alivuliwa uongozi wa zamu na kuandikiwa onyo, naye akatia sahihi bila kubishana. Mashtaka ya Ye-rang yakafutwa, leseni yake ikabaki safi. Mkurugenzi Seok alibaki mkurugenzi, nywele zake zikiwa pale pale, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Mi-ran alimfuata Ye-rang mbio koridoni.

"Ye-rang. Nisamehe. Rudi wodini, hakuna atakayekugusa."

Ye-rang aliinama kwa adabu, kiuno chote, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa. "Asante kwa leo, Mwalimu. Ila nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Hiyo niliiandika mara moja tu."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwanza. Nikisikia gurudumu la toroli naziba masikio." Akafuta pua kwa mkono. "Bibi Ma ananiulizia. Mimi sitaweza kumuaga, nitalia. Mwambie wewe."

Kwa hiyo Mi-ran alikwenda kumwambia. Bibi Ma alikuwa ameinuliwa kwa mto, bakuli la uji wa mchele limepoa mbele yake. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Ameondoka," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Yule mtoto alikuwa na masikio."

Mi-ran akaenda pembeni ya dirisha, akavuta kiti, akakileta mpaka kwenye ukingo wa kitanda, akaketi. Uji ulikuwa haujaguswa. Mkono wa Bibi ulikuwa umekamata shuka pale ubavuni, juu kidogo ya mshono, umekamata kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Niambie mimi, Bibi," alisema. "Kuna mahali panauma? Sina haraka. Niambie lolote."

Bibi Ma alimtazama kwa upole kabisa, kama anavyotazamwa mgeni wa heshima.

"Sijambo, Mwalimu," alisema. "Nenda tu kaendelee na kazi zako. Una shughuli nyingi."