Waya Nilizozikata

Jina la Kimbunga sikujipa mwenyewe. Nilipewa Soweto, hapa Mbeya, na watu waliozoea kuona fundi anakaa wiki nzima juu ya nyumba moja. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliipaua kwa siku tatu. Kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, papi za kupigilia bati, bati zenyewe, kofia ya kileleni, nikashuka, nikanawa mikono. Mama mwenye nyumba akasema, "Huyu si fundi, huyu ni kimbunga." Likanishika.

Niliishia darasa la tano, lakini jina hilo limenilisha kuliko vyeti vinavyowalisha wengine, ukweli usemwe. Lori langu la kwanza nililiandika Kimbunga juu ya kioo. Duka la vifaa vya ujenzi, Kimbunga. Timu ya mtaa niliyoinunulia jezi, Kimbunga, ingawa ilifungwa karibu kila Jumamosi. Mama mmoja muuza pombe aliiita hivyo pombe yake kali, kwa heshima yangu, eti nayo inaezua. Nilicheka sana siku ile. Sasa nikilikumbuka hilo neno nasikia aibu.

Hakuna aliyeniuliza siku tatu zinatoshaje. Nitasema. Ukimwaga linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, unaacha vipande vya waya mnene vimechomoza. Kenchi ikishapanda, unavizungusha kwenye mbao na kukaza kwa plaizi, kimoja baada ya kingine. Ni kazi ya kuchubua vidole, na dari likishafungwa hakuna anayeiona. Mimi nilikuwa nazikata hizo waya. Napiga msumari, nasonga mbele. Mjini nyumba zinakingana, wala halikutokea jambo.

Dada yangu mkubwa anaishi kijijini Iringa, juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo upepo unakunja mahindi mpaka yanagusa ardhi. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyenilea, kwenye jiko la nyasi alilojenga baba, kwa kuuza kuni na ulanzi, pombe ya mianzi. Nikamjengea nyumba. Vyumba vinne, bati za rangi ya damu ya mzee, kijiji kizima hakuna nyingine kama ile.

Mchungaji alikuwa aje kuibariki Jumapili. Nilishaalika watu kutoka Mbeya, nimekodi spika na jenereta, na Alhamisi kenchi zilikuwa bado chini. Fundi wa pale kijijini aliyemwaga linta alikuwa ameacha waya zake vizuri kabisa, zimesimama kama vidole.

"Bosi, hizi tuzifunge," akaniambia. "Huku juu kuna upepo."

"Upepo ni mimi," nikamjibu. Vibarua wakacheka. Nikachukua plaizi, nikazikata zote kwa mkono wangu.

Jumapili nilishika kipaza sauti nikaongea mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. Dada alivaa kitenge kipya, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa anawavuta majirani mikono: "Njooni mguse ukuta! Guseni!"

Mvua za kwanza zilinikuta Rujewa, napaua ghala la mpunga. Simu ikaita.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nyumba yako imevuliwa kofia."

"Uko salama?"

"Nilikuwa jikoni nachochea moto."

Nilipofika, paa zima, bati na mbao zake, lilikuwa limelala chali kwenye shamba la viazi la jirani. Jiko la nyasi, hatua chache tu pembeni, halikupoteza hata unyasi. Kwenye kilabu cha ulanzi walikuwa wananisubiri. "Kimbunga kajenga, Kimbunga kabomoa!" Nikacheka nao, nikawaagizia duru nzima. Halafu nikakunja uso kama mzee wa kanisa: "Jamani, ile ni nguvu ya Mungu. Hakuna fundi wa kuizuia." Wote wakaitikia kwa kichwa. Nikaona nimepona.

Baada ya wiki tatu nikarudi na lori limejaa bati mpya. Dada alikuwa amehamia jikoni, godoro na kila kitu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Hizo bati geuza nazo."

"Kwa nini tena?"

"Nilijivuna. Niliwaita watu waje waguse ukuta, kama vile niliujenga mimi. Mungu ameniona. Si wewe mwenyewe umesema ni nguvu yake?" Akachochea moto bila kunitazama. "Nimesimama kanisani nikaomba toba. Meza ya Bwana sijaenda tena. Sistahili."

Mtu aliyekula makombo ili mimi nishibe. Kitu kimoja alichojivunia maishani kilikuwa mimi, na alikuwa anakitubia.

Sitadanganya, nilifikiri kuwasha lori. Nikainua macho ili nisimtazame, nikaona paa la jiko. Fito zimefungwa kwa kamba za magome, nyeusi kwa moshi, fundo hadi fundo. Hakuna msumari hata mmoja.

"Dada, njoo nikuonyeshe kitu."

Nikaegemeza ngazi ukutani. Akajifunga kitenge kiunoni, akapanda mwenyewe. Akapitisha kidole juu ya linta, kikakwama kwenye kisiki cha waya.

"Hii imekatwa," akasema.

"Ndiyo."

Akasogea, akagusa kingine. Na kingine. Yeye kamba za jiko lile amezibadilisha maisha yake yote; hakuhitaji kufundishwa.

"Nani amekata?"

"Mimi. Ili tuwahi Jumapili."

Akanigeukia kutoka juu ya ngazi.

"Unakata kamba halafu unamsingizia Mungu," akasema. "Na mimi nimejinyima chakula cha Bwana kwa ajili ya haraka yako." Akashuka. "Jumapili utasimama wewe."

"Sawa, dada."

"Na kingine. Ulikata za kwangu tu, au na za wenzangu?"

Nikaanza kuiondoa ngazi ukutani. Alinitazama kama alivyonitazama nilipoacha shule.

Jumapili nilisimama bila kipaza sauti. Nilikiri kwa sauti ndogo, mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Hatusikii, Kimbunga!" Ikabidi nirudie yote. Kisha dada akainuka kwenda Meza ya Bwana. Mimi nilibaki kwenye benchi.

Paa lake nimelifunga kwa mikono yangu. Ilichukua siku kumi na moja, na kila jioni alipanda ngazi akavuta kila waya. Mbili alinifungulisha.

Kutoka pale nikaenda Rujewa. Mwenye ghala alinipokea kwa kicheko.

"Kimbunga! Umesahau nini? Kazi si ulimaliza?"

"Nilimaliza upesi mno," nikamwambia. "Niletee ngazi."

Nimetoboa linta yake, nimepitisha waya mpya, nimefunga kenchi zote. Zimebaki nyumba nilizopaua Chunya. Zimebaki za Soweto, na hizo ni nyingi, nyingine hata sizikumbuki zilipo. Mchana upepo ukianza kuvuma, popote nilipo, nasimama kwanza nausikiliza.