Uuguzi Usio na Harufu

Batholomeo alizaliwa na kinyaa. Kwao Farkwa, wilaya ya Chemba, watoto wenzake wa Kisandawe walikunywa togwa kwa kupokezana kibuyu kimoja. Yeye aliona mate yalivyong'ang'ania mdomoni mwa kibuyu, akabaki na kiu yake. Mlenda ndio ulimshinda kabisa. Ule uzi unaovutika kutoka kwenye bakuli mpaka kidevuni mwa mtu ulimtoa nje mbio. Mama yake alimbandika jina la Bwana Harufu, maana alikuwa akisimama tu mlangoni anajua nani humo ndani hajaoga.

Ndiyo maana alipomaliza kidato cha sita na kutangaza kwamba anaomba shahada ya uuguzi, hakuna aliyemwamini. Dada yake Violeth, karani wa ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, alikuwa amemkaribisha kwake Kizota kipindi cha kuomba vyuo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe? Wewe unayefuta kijiko changu kwa shati lako kabla ya kula?"

"Uuguzi uko wa aina nyingi, dada."

Aina aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja. Mwalimu wao wa baiolojia aliwahi kuwaeleza juu ya muuguzi wa nusukaputi: mtu aliyevaa barakoa na nguo za kijani, ameketi kichwani pa mgonjwa aliyelala, anatazama mashine. Mgonjwa haongei, hatapiki, hajikuni. Batholomeo aliipenda picha hiyo. Alama zake hazikufika udaktari, na maabara aliikataa alipokumbuka vile vikopo vya choo.

Violeth akampeleka kwa Sista Generosa, muuguzi wa siku nyingi waliyeimba naye kwaya. Generosa alianzia ngazi ya cheti, akarudi shule mara mbili mpaka akapata shahada. Walimkuta barazani anamenya karanga.

"Haya, mdogo wangu. Unataka uuguzi upi?"

"Ule usio na uchafu mwingi, Sista. Wa nusukaputi."

Generosa akaacha karanga. "Nani kakudanganya? Mgonjwa akitapika amelala, yale matapishi anayavuta nani kwa mpira? Si wewe uliyekaa kichwani pake?"

Batholomeo akasogeza kiti chake nyuma.

"Basi nikuambie," Generosa akaendelea. "Mkunga maisha yake ni damu na maji ya uzazi. Wa chumba cha mahututi anamgeuza mtu asiyejijua, anampangusa kila mahali. Wa afya ya akili kuna siku atatemewa mate usoni, na asirudishe hata neno. Wa afya ya jamii ndiye mwenye kazi mbaya zaidi, huyo anaingia majumbani kwa watu. Hata matroni unayemwona na kalamu yake, kapitia kwenye beseni."

"Mimi nilidhani wenye cheti ndio wanaoosha wagonjwa. Wenye shahada wanasimamia."

Generosa alimtazama kama mtu aliyetafuna karanga mbovu. "Ukija wodini kwangu na mawazo hayo nakufukuza. Mwenye shahada anaongezewa kufikiri na kujibu maswali. Kuosha hapunguziwi. Ni wakati unamwosha mtu ndipo unaona ngozi ya mgongo imeanza kuchubuka. Miaka minne darasani na wodini, mwaka wa mazoezi, kisha leseni. Hapo ndipo utachagua ubobee wapi. Mlango ni mmoja, hakuna wa nyuma."

Walirudi nyumbani. Violeth alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Batholomeo alikuwa amechomwa na kile kicheko cha kwanza, naye alikuwa mbishi. Aliomba, akapata nafasi chuoni kule Chimwaga.

Siku ya kwanza ya kuogesha mgonjwa, alitapika kwenye sinki la wodi. Wenzake walicheka. Mkufunzi hakucheka. Alimpa dekio, akamwambia akimaliza arudi kwa mgonjwa wake. Alirudi, na wiki iliyofuata alitapika tena. Alijifunza kupumua kwa mdomo. Alijifunza kutokula chochote asubuhi ya zamu.

Wodini humo aliona jambo jingine lililomkera kuliko choo. Mama mmoja aliyepooza upande alijichafua kitandani. Muuguzi wa zamu akasimama mbali na kupaza sauti wodi nzima isikie: "Kuku wangu wana adabu kuliko wewe!" Yule mama alijifunika uso kwa mkono wake mzima. Batholomeo alisikia tumbo linapanda, na safari hiyo pua haikuhusika. Alimwosha yule mama yeye mwenyewe, amebana meno.

Mwaka wa tatu walipelekwa fildi ya afya ya jamii. Kundi lake lilipangiwa kituo cha afya ambako Sista Generosa alikuwa amehamishiwa, naye ndiye aliyewasimamia. Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa alifika kituoni. Majirani wa nyumba fulani, nyumba nzuri yenye geti na vigae, walikuwa wakilalamika harufu. Walidhani mbwa amefia kwenye mtaro. Waliutafuta mzoga wasiuone, mpaka mtu mmoja akasema harufu inatoka ndani ya ukuta.

Generosa akamchukua Batholomeo.

Aliyefungua geti alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, aitwaye Henry. "Ni mzee wangu tu," alisema. "Ana sukari. Kamguu kanamsumbua kidogo." Sebuleni watu walikuwa wakinywa chai kwa sambusa. Henry aliwapitisha nyuma, kwenye stoo, kati ya mifuko ya saruji na tairi kuukuu. Udi ulikuwa ukifuka mlangoni. Chini ya ule udi palikuwa na harufu nyingine, nzito, tamu kama tunda lililooza. Zilipochanganyika, Batholomeo alishika ukuta.

Juu ya godoro lililowekwa sakafuni alilala Mzee Respicius, mtumishi wa serikali mstaafu, mwenye ndevu ambazo hazikunyolewa siku nyingi. Karibu na mlango palikuwa na sahani ya wali uliokauka na ufagio wa mti mrefu. Batholomeo aliuangalia ule ufagio asielewe. Kisha akaona mstari wa punje za wali sakafuni, toka mlangoni mpaka godoroni, akaelewa: chakula kilikuwa kikisukumwa kwa ufagio ili mtu asiingie.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnasikia harufu?"

"Hakuna harufu, baba," Henry alidakia kutoka nje. "Tumefukiza udi."

Mzee hakumgeukia. Yeye na Generosa wote walikuwa wakimtazama Batholomeo.

"Naisikia, mzee," Batholomeo alisema. "Inanipa kichefuchefu. Natoka nikatapike, halafu narudi nikuoshe."

Alitapika nyuma ya tangi la maji, akasukutua, akavaa glovu mpya, akarudi. Mzee Respicius alikuwa amegeuza shingo kuelekea mlangoni.

"Umerudi," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Hawa wanaosema hainuki hawarudi."

Walifungua kitambaa kilichogandana na mguu. Usaha ulitoka wa kijani. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na kati yake funza walikuwa wakichezacheza kama mchele unaochemka. Batholomeo aliosha kwa maji ya chumvi huku mwili mzima ukimsisimka, akiokota mmoja mmoja kwa koleo ndogo, akihema kwa mdomo. Generosa alikwishapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Henry," Generosa akaita. "Njoo ushike kisigino cha baba yako, tufunge."

"Mimi? Sista, hiyo si kazi yenu?"

"Kufunga ni kazi yetu. Kumshika baba yako ni yako."

Henry aliingia na leso puani. Alishika kisigino kwa ncha za vidole, akaona kilichokuwa kati ya vidole vya baba yake, akatapika palepale, juu ya viatu vyake vinavyong'aa. Kisha akakimbilia nje, hakurudi.

Batholomeo alidhani atafurahi. Alimdharau yule mtu kwa moyo wake wote. Lakini yale matapishi yalikuwa matapishi tu, yenye sambusa ndani, na hakukuwa na mwingine wa kuyaondoa. Alipiga magoti akayazoa, mbele ya mzee aliyefumba macho kwa aibu ya mwanawe.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mzee aliporudi nyumbani Batholomeo alikwenda kumbadilishia bandeji mpaka fildi ikaisha. Alimkuta amehamishiwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Mke wa Henry alisema wamefanya hivyo ili majirani wamwone. Alilisema bila haya, akimkaribisha soda. Batholomeo aliikataa.

"Hupendi ndugu wa mgonjwa," Generosa alimwambia jioni ile kituoni.

"Wananitia kinyaa, Sista."

"Sawa. Lakini wewe ukiondoka, yule mzee atabaki na nani? Na hao hao. Kawafundishe kufunga kidonda, hata kama huwapendi."

Alikwenda akawafundisha. Mke wa Henry alijifunza vizuri, pengine kwa woga. Henry hakuwahi kuonekana.

Mwaka wa mazoezi ulipokwisha, wenzake walitawanyika. Mmoja alikwenda thieta, kwenye upasuaji, mwingine ukunga, mwingine akafuata ile nusukaputi. Batholomeo aliomba afya ya jamii. Akapangiwa kituo cha afya wilayani Kondoa, akizunguka kwa pikipiki vijiji vya upande wa Kolo, akifunga vidonda vya watu vyumbani mwao. Violeth alimuuliza kama siku hizi amezoea. Alimjibu kwamba hajazoea. Bado mara nyingine hutoka nje kwanza. Mgonjwa humsubiri.

Mzee Respicius alifariki baada ya miaka miwili, kwa figo. Batholomeo alipata habari akaenda msibani Dodoma pamoja na dada yake. Turubai zilikuwa nyingi, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, wapishi wanakoroga masufuria nyuma ya nyumba, karibu na ile stoo. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu Henry alishika kipaza sauti. Alisimulia ugonjwa wa baba yake kwa sauti ya kutetemeka.

"Nilimuuguza kwa mikono yangu hii," alisema, akaiinua. "Kidonda chake nilikiosha mimi. Sikumwachia mtu."

Akina mama walitikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Huyo ndiye mtoto!" Violeth alimgeukia ndugu yake. Batholomeo alikuwa ameikodolea macho ile mikono miwili iliyoinuliwa, safi, yenye pete, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika.

Maziko yalipokwisha na chakula kutangazwa, alisimama. Alikwenda peke yake mpaka kaburini, kwenye kona ya kiwanja cha nyumba, akaweka ua lake, akakaa kidogo na yule mzee. Kisha akatoka kwa geti lilelile. Violeth alimfuata mbio, viatu mkononi.

"Batho, subiri, tule kwanza! Kuna pilau."

"Kula wewe, dada," alisema, na kuendelea kutembea.