Siku Niliyofungwa kwa Kanga Kwenye Mnazi wa Watani

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa mfuga nyuki wa Itigi, hata asome mpaka macho yamtoke, hawezi kuwashawishi watu wa hapa watoe fedha zao wakaangalie kuta zilizobomoka kando ya bahari. Nimeweza. Nina diploma ya utalii, nimefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya ufukweni kule Bagamoyo, nimerudi nyumbani, nimejenga nyumba ya bati jekundu kwa jasho langu, na safari yangu ya kwanza tu nilijaza basi dogo zima. Kwa hiyo mkinisikia leo naeleza jinsi nilivyofungwa kwenye mnazi mbele ya abiria wangu wote, msidhani mimi ni mtu wa ovyo. Aibu nimeipata, lakini nimeipata nikiwa kiongozi.

Jambo lilianza dogo. Tulifikia Bagamoyo, karibu na ile hoteli yangu ya zamani, na nilipanga kila asubuhi twende kijiji kimoja cha kale na kurudi jioni. Asubuhi ya kwanza nikamwambia mke wangu, Pili, "Huko tunakokwenda usiniite mume wangu. Niko kazini. Niite kiongozi kama wenzako." (Nilitaka nionekane mtaalamu, maana niliamini kiongozi anayeongozana na mke wake haheshimiki.) Pili akaniangalia, akavaa lile gauni la kitenge analovaa harusini tu, akasema, "Sawa, kiongozi."

Kijijini tulipokelewa na mwongoza wageni wa pale, Kibwana, mwanamume mrefu, kofia ya kiua imekaa upande, Kiswahili kinateleza kama kimepakwa mafuta. Nilikuwa nimejiandaa, nikaanza vizuri kabisa na habari za msikiti wa mawe, lakini kila Kibwana alipofungua mdomo watu wangu walinihama wakaenda kwake, na wa mbele kabisa alikuwa Pili. Anacheka! Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akicheka mpaka ashike ukuta (na ukuta wenyewe ulikuwa umeandikwa usiguswe).

Tulipopumzika kwenye minazi, Kibwana akauliza sisi ni kabila gani. Mama Neema, mwuza asali aliyenitafutia nusu ya abiria, akajibu kwamba wengi wetu ni Wanyamwezi wa Itigi.

"Wanyamwezi!" Kibwana akapiga makofi. "Watani zangu hao, mimi Mzaramo! Babu zenu walifika hapa na mizigo kichwani, wakala ubwabwa wa babu zangu, wakaondoka bila kuosha sahani. Leo nachukua fidia." Akamgeukia Pili. "Dada, una mwenyewe?"

Pili akaniangalia. Mimi nikaangalia bahari.

"Kiongozi anasema sina," akajibu.

"Basi umempata. Nakuoa leo hii, uanze kuosha sahani!"

Watu wakacheka. Na utani naujua, jamani, nimezaliwa nao, kwetu mtani akija msibani anaweza kuingia kaburini akadai kuku ndipo atoke, na hakuna anayekunja uso. Lakini wivu ukishapanda kichwani haukumbuki mila. Nilipoona Kibwana kamshika Pili mkono, na Pili hautoi, niliruka nikamsukuma kifuani, kofia yake ikaangukia kwenye tope la mikoko, nami nikapiga kelele iliyosikika kijiji kizima: "Mwache! Huyo mke wangu! Nimemtolea ng'ombe!"

Kibwana hakukasirika. Macho yalimng'aa. "Mtani kanuna," akasema taratibu, kisha akaita kwa sauti, "Jamani njooni, mtani kanuna!"

Wakatoka kila nyumba, kwa sababu mtani akikasirika hutozwa faini, na mimi mishipa ya shingo ilikuwa imenisimama. Mbele yao alikuja mama mmoja mnene, Bi Zuhura, mke wa Kibwana. Akavua kanga ya begani, akanizungushia kwenye mnazi, akapiga fundo. "Mume wangu kaoa kule, na mimi nimeoa huku," akasema. "Ila huyu wangu mbona anatoka jasho hivi? Anayemtaka alete asali!" (Harufu ya asali ilikuwa imejaa garini mpaka kwenye nguo zetu, abiria wote walibeba wakauze mjini.)

"Mke amkomboe!" watu wakasema.

Pili alikuwa na ndoo yake nzima. "Mimi abiria tu," akasema. "Muulizeni kiongozi." Kila mtu alicheka, naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno langu la asubuhi lilikuwa limemchoma.

Watalii wengine walikuwa wanapiga picha, pua inaniwasha na mikono imefungwa, ikabidi niseme, "Pili ni mke wangu. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Mke wangu, nisamehe."

"Nimesikia," akasema Pili. "Asali yangu sitoi."

Mama Neema ndiye aliyeanza kutoa chupa, wengine wakafuata, na nikafunguliwa huku kila mmoja akinikumbusha kwamba huo ni mkopo.

Siku hizi, kwenye kila safari, kabla hata sijataja jina langu na diploma yangu, namtambulisha mke wangu. Na msimu wa kurina ulipofika nilishusha mizinga yangu, tukazunguka Itigi nyumba kwa nyumba, mimi na Pili, shikamoo huku, shikamoo kule, na kila nilipomimina asali mwenye nyumba aliwaita majirani aweze kuwasimulia upya. Wa mwisho alikuwa Mama Neema. Nilikuwa namalizia chupa yake simu yangu ikaita. Kibwana.

"Mtani, umewalipa watu wa watu?"

"Nimemaliza leo. Wote."

"Hongera. Sasa nipe mke wangu nimsalimie."

Mama Neema alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nikunje uso nitozwe tena. Nikampa Pili simu. Akaenda nayo mpaka nyuma ya nyumba, nikamsikia anacheka, anasema kitu, anacheka tena, na mimi nikabaki nimesimama pale mikono inanata, natabasamu mpaka mashavu yakaniuma.