Damu Chini ya Pipa

Nilipokuwa mtoto, pipa la uani kwetu Magongo liliheshimiwa kuliko baadhi ya wapangaji. Mfereji ulitoa maji siku ulipojisikia, na siku nyingine zote tuliishi kwa pipa lile la plastiki, buluu, ambalo hata baada ya miaka lilinukia sabuni ya kiwandani. Msimamizi wake alikuwa bibi yangu, ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe. Sheria yake ilikuwa moja: pipa halimalizwi. Ukichota ukakaribia chini, unaacha. Yale ya chini, alisema, ndiyo yanayowaita wenzao. Pipa likikauka kabisa, maji yatasahau njia ya kuja kwetu.

Usicheke. Nyumba nzima ilifuata, Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara. Ukikaa mahali ambapo mfereji hukohoa hewa tu, utashika lolote litakaloonekana kuyaleta maji.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamekatika kwa muda mrefu, niliingiza kichwa ndani ya pipa na kopo mkononi, nikaona wekundu. Nyuzi nyekundu, kama zilizochomolewa kwenye sweta ya shule, lakini zilikuwa hai. Zilijikunja, zikajikunjua, zikapotelea kwenye tope la chini. Nikamwita Hawe. Alichungulia, akauondoa mkono wake ukingoni mwa pipa, akaifunga leso upya kiunoni.

"Usiguse. Hiyo ni damu ya mtu."

"Ya nani, Hawe?"

"Ya atakayeyanywa haya maji."

Kabla ya adhuhuri ua mzima ulikuwa umejua, na alasiri jibu la nani mchawi aliyeitia lilikuwa limeshapatikana: Mama Mwende. Alikuwa mjane kutoka bara, wa chumba cha mwisho karibu na choo, akiuza mboga kando ya barabara. Ushahidi? Hakuwa msemaji, aliamka kabla ya watu, na aliosha sukuma wiki zake karibu na pipa. Leo nakaa kwenye midahalo ya chuo nikisikia hoja za kila aina, na sijasikia kesi dhaifu kuliko ile. Lakini ilitosha. Watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, walianza kupunguza sauti alipopita.

Mwenye nyumba akaitwa. Alisimama kwenye mlango wa uani, hakutaka hata kulisogelea pipa.

"Wallahi mimi sina neno na mtu," alisema. "Lakini nyumba imeingiwa na fitina. Mama Mwende, mwezi ukiisha utafute pengine."

"Nimekosa nini, mzee?"

"Hujakosa. Watu wanaogopa."

Hujakosa, lakini hama. Nilikuwa mdogo, na bado niliona sentensi ile haikai sawa. Mama Mwende ndiye aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi, na hakuna mkono mwingine Magongo uliosuka bila kunitoa machozi.

Ningependa kusema nilikwenda kumtetea. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Damu gani ile inayojificha ukiikaribia? Watu walipokwenda kulala mchana, nilichota kopo moja pamoja na tope lake, nikamimina kwenye chupa tupu ya jemu, nikafunga mdomo kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nikaificha nyuma ya gunia la makaa.

Kila nikitoka shule naichungulia. Vile vidudu vilikuwa vimejijengea vijumba vyembamba vya tope, kila kimoja chake, vikitoa vichwa kulamba uchafu. Vilikuwa na shughuli kama watu wengine. Kisha vikaanza kuvimba shingoni na kupanda juu, na siku moja nilikuta maganda matupu yanaelea, na kwenye chandarua wamening'inia wadudu wadogo mfano wa mbu, wenye masharubu kama manyoya ya kuku. Nikaingiza mkono chupani nisikie watakavyoniuma. Walinitembelea vidoleni tu, wachache wakaruka, nikaifunga tena.

Hawe alikuwa akichambua mchicha kwenye mkeka nilipomwekea chupa mbele.

"Hawe, damu imeota mbawa."

"Umeitoa wapi hii?"

"Pipani. Wanakaa kwenye tope. Yale maji tusiyoyamwaga."

Aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Hawaumi?"

"Nimewatilia mkono."

"Mtoto huyu ataniua mimi kabla ya uchawi," alisema polepole.

Kisha akainuka. Alichota kopo moja la maji, akaliweka pembeni, halafu akalisukuma pipa kwa bega mpaka likalala. Tope jeusi likamwagika uani, na ndani yake zile nyuzi nyekundu. Akanituma kwa mwenye nyumba.

"Mzee," alimwambia alipofika, "aliyevifuga hivi ni mimi. Mama wa watu muache."

Mwenye nyumba aliligusa tope kwa ncha ya kiatu. "Basi, yaishe," akasema.

Chuoni, rafiki yangu anayesoma biolojia alinieleza kwamba wale walikuwa mabuu ya mdudu jamaa ya mbu, asiyeuma. Ni wekundu kwa sababu wana kitu kilekile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Huwasaidia kushika hewa kule topeni, ambako hewa ni haba. Kwa hiyo Hawe hakukosea aliposema ni damu. Ilikuwa damu yao wenyewe.

Kuanzia siku ile Hawe alilisugua pipa kwa mchanga, ila kila mara aliweka kopo moja pembeni, la kuwaita wenzao. Sikubishana naye. Kinachonichoma ni lile "yaishe". Hayakuisha. Mama Mwende alibaki chumbani kwake, akanunua mtungi wa njano, akauweka ndani nyuma ya mlango, na hakuchota tena pipani. Hoja yangu ya chupa ilikuwa imeshinda. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amezisikia zile sauti zikipungua.

Jumamosi moja akinisuka, kichwa changu kikiwa magotini pake, nilimuuliza mbona hachoti na pipa siku hizi ni safi.

"Najua ni safi, mwanangu," alisema. "Tulia, nisije nikakuvuta."