Mwezi wa Kifudifudi

Kwa miaka kumi na minane fundi Mzamil, mshona kanzu wa Makadara, hakuna aliyemtangulia kuuona mwezi wa Idi mtaani kwao. Watu walimwamini kuliko kalenda. Naye aliliamini jicho lake kuliko miwani aliyoandikiwa na daktari, iliyolala sandukuni.

Ramadhani ishirini na tisa, jua ndiyo kwanza limezama, alifungua kwa tende moja akapanda juu ya paa. Mara akapiga ukelele: "Umeandama! Jamani, umeandama!"

Chini, jirani yake Bi Afaf akainjika sufuria ya pilau ya Idi. Muhdhar mwadhini akaita kutoka njiani: "Fundi, teremka! Ushahidi wako wangojwa msikitini!"

Areej, binti yake fundi, mwanafunzi wa gredi ya saba, alikuwa amemfuata baba yake paani. Akautazama ule mwezi, akapinda shingo.

"Baba, mbona umelala kifudifudi?"

"Mwezi walala?"

"Mwezi hauna mwanga wake, huangazwa na jua. Jua limezama hapo chini, basi mgongo unaong'aa huelekea chini. Mwezi mchanga kwetu hukaa kama bakuli. Huu wako umekaa kama mwavuli."

"Mimi nauona mwezi tangu mamako hajajua kuchambua mchele! Mwalimu wako ndiye wa kunifunza?"

Hajamaliza, kunguru akaja akatua juu ya mwezi. Akapangusa mdomo, akalia.

"Baba," Areej akasema taratibu, "kwenda mwezini ni siku tatu. Huyu aliondoka lini?"

Fundi akakaza macho. Ulikuwa ukingo wa dishi la runinga, juu ya paa la ng'ambo.

"Fundi! Watu wamejaa!" Muhdhar akaita tena.

Angeweza kunyamaza, na jina lake lingebaki palepale. Lakini mtaa mzima ungekula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya dishi, na dhambi hiyo haina uzi wa kuitilia kiraka.

Akateremka. Msikitini akasimama mbele ya watu. "Jamaa, nilichokiona ni dishi. Shahidi wangu ni kunguru."

Walicheka hata imamu akashika nguzo. Bi Afaf peke yake hakucheka. Pilau yake ililiwa daku na nyumba saba.

Kesho yake jioni fundi alipanda na miwani machoni. Akauona mwezi, mwembamba kama uzi. Hakupiga ukelele.

"Areej, mwanangu, huo wakaaje?"

"Bakuli, baba."

Akangoja kidogo, aone kama kunguru atatua. Ndipo akaita.